Hadubini ya stereo ya 7x hadi 45x: tathmini kwa anayeeleza mbawakawa wa majani

Hadubini ninayoizungumzia hapa ni ya stereo, yaani inayoonyesha kitu kwa kina kupitia macho yote mawili, inakuza mara 7 hadi mara 45, ina mirija miwili ya kutazamia na mmoja wa kamera, na imekuwa mezani kwangu tangu mvua za masika zilizopita. Naitathmini kwa kazi moja tu, nayo ni kuchunguza, kupima na kueleza mbawakawa wa majani, hasa wale tunaoshuku kwamba ni spishi ambazo sayansi haijazipa majina. Mafundi wa simu wa Luthuli Avenue, Nairobi, hutumia hadubini za namna hii kuchomelea bodi, na walimu wa shule za upili huzitumia kuonyesha bawa la nzi. Hao wanaweza kuipenda au kuichukia kwa sababu nyingine kabisa. Hukumu yangu naiweka mbele ili msomaji asihangaike kuitafuta: lenzi zake ni nzuri kuliko bei yake, stendi yake inatosha, lakini taa iliyokuja nayo haifai kwa mbawakawa. Mwenye bajeti ndogo afadhali abane kwingine kokote, asibane kwenye taa.

Aina hii huuzwa kwa majina mengi, na niliyo nayo haina jina la maana zaidi ya kibandiko cha muuzaji, kwa hiyo nitaieleza kwa vipimo vyake. Lenzi ya chini ina zumu ya 0.7 hadi 4.5, lenzi za machoni ni za 10x zenye uwanja wa milimita 20, na kati ya lenzi na meza pana nafasi ya takribani milimita 100. Niliinunua katika duka la vifaa vya maabara katikati ya jiji la Nairobi kwa shilingi laki moja na ushei pamoja na kamera yake. Hadubini za kampuni kubwa za Ujerumani na Japani zinagharimu mara kadhaa ya hapo. Ndiyo maana swali la kama hii ya bei nafuu inatosha ni zito kwa mwanafunzi wa kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi anayeandika tasnifu yake, au kwa mtafiti ambaye ufadhili wake uliisha kabla ya kazi kuisha.

Familia ya mbawakawa wa majani, Chrysomelidae, ni miongoni mwa familia kubwa kabisa za wadudu. Spishi zake zilizokwisha kuelezwa zinazidi 35,000, na nyingine zinaongezwa kila mwaka. Wakulima wetu wanawafahamu hata kama hawajawahi kusikia jina la familia: wa jenasi (yaani kundi la spishi zilizo karibu) Ootheca hutoboa majani ya maharagwe na kunde, Podagrica huyala ya bamia, na mbawakawa-kobe wa jenasi Aspidimorpha huonekana kwenye viazi vitamu. Wengi wao hawafiki sentimita moja kwa urefu, na wale ninaowashughulikia mimi mara nyingi ni wa milimita 3 hadi 5. Kwa mdudu wa kimo hicho jicho tupu halitoshi hata kumtambua jenasi, sembuse kutangaza kwamba ni spishi mpya.

Na kueleza spishi mpya si kupiga picha ya mdudu asiyefahamika na kumpachika jina. Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, toleo la nne, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000, inamtaka mwandishi atamke wazi kwamba spishi ni mpya, ateue holotaipu, yaani kielelezo kimoja kitakacholibeba jina hilo, aseme kielelezo hicho kitahifadhiwa katika mkusanyo upi, na aandike sifa zinazoitofautisha spishi yake na nyingine. Tangu marekebisho ya mwaka 2012, kazi inayochapishwa kielektroniki pekee lazima pia iwe imesajiliwa katika ZooBank, rejista rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama. Masharti mengine ni ya karatasi na uaminifu, lakini lile la sifa za kutofautisha linapita kwenye lenzi. Sifa usiyoiona huwezi kuiandika, na sifa uliyoiona vibaya itabaki imechapishwa kwa jina lako, ikimpoteza kila atakayekuja baadaye kulinganisha.

Jaribio langu la kwanza kwa hadubini yoyote ni mguu. Wayo wa mbawakawa wa majani huonekana kuwa na pingili 4, kumbe zipo 5: pingili ya nne ni ndogo mno, imejibana kwenye shina la ile ya tano, katikati ya ncha mbili za ile ya tatu iliyopanuka na kugawanyika. Kwa ukuzaji wa 20x mtu huona kivuli tu mahali hapo. Hadubini hii, zumu ikiwa imefika mwisho, mdudu akiwa amelazwa ubavu na mwanga ukimjia kwa nyuma kidogo, inaionyesha pingili hiyo pamoja na mstari unaoitenga na ya tano. Inaonyesha pia vinyweleo vya chini ya wayo kimoja kimoja, na inaonyesha vizuri ile pingili ya kwanza ya mguu wa nyuma ambayo kwa jenasi Monolepta ni ndefu kuliko pingili zote zinazoifuata zikiunganishwa. Kwa mbawakawa-kiroboto, ambao huruka kwa nguvu ya springi iliyo ndani ya paja la nyuma, unene wa paja hauhitaji hata ukuzaji mkubwa. Picha ni kali katikati ya uwanja, hulegea kidogo pembezoni, na panapokutana cheusi na cheupe huzuka ukingo wa zambarau kwa mbali. Hayo hayajanizuia kuandika lolote ambalo ningeliandika kwa chombo ghali zaidi.

Kipimo ndicho kilichonilazimu kubadili namna ya kufanya kazi. Kifundo cha zumu cha hadubini hii kinazunguka bila vituo, hakina mahali panaposema "tiki" ili ujue umerudi pale pale ulipokuwa jana. Ukiwa na mikromita ya machoni, yaani kile kigae chenye mstari wa milimita 10 uliogawanywa mara 100, kila kigawo kinasimamia urefu tofauti kwa kila pembe ya kifundo: kwenye zumu ya 0.7 ni kama milimita 0.14, kwenye 4.5 ni kama milimita 0.022. Mtu akisogeza kifundo kidogo tu bila kutambua, urefu wa mabawa magumu, yale yanayoufunika mgongo, umebadilika, na mdudu hajabadilika. Kwa hiyo mimi hupima kwenye miisho miwili tu, pale kifundo kinapogoma kuendelea, na kila mwisho nimeuhakiki kwa kigae cha mezani chenye milimita moja iliyogawanywa mara 100. Vipimo halisi havikulingana sawasawa na hesabu ya karatasini, jambo ambalo mnunuzi wa lenzi za bei hii alitarajie.

Hata hivyo, vipimo vingi vinavyotenganisha mbawakawa wa majani ni uwiano, si urefu. Katika kundi la Monolepta na jamaa zake tunalinganisha urefu wa pingili ya pili ya kipapasio na ya tatu, upana wa ngao ya kifua na urefu wake, urefu wa mabawa magumu na upana wa yote mawili yakiwa yamefungwa. Uwiano hausumbuliwi na kasoro ya kigae, mradi vipimo vyote viwili vimechukuliwa bila kugusa zumu na sehemu inayopimwa imelala bapa chini ya lenzi. Hilo la kulaza bapa ndilo gumu zaidi, kwa sababu kipapasio cha mdudu mkavu hujikunja kinavyotaka, na hakuna hadubini itakayokusaidia kama hukumlainisha mdudu kwa maji ya uvuguvugu na kumpanga upya kabla ya kumbandika kwenye kikadi. Kwa ukuzaji wa juu uwanja wa kuona ni milimita 4.4 hivi, maana yake mbawakawa wa milimita 4 anaenea mzima, na sijapata ulazima wa kumpima vipande vipande.

Sasa nije kwenye taa, ambako malalamiko yangu yanaanzia.

Hadubini ilikuja na taa ya duara ya LED inayofungwa kuzunguka lenzi. Kwa ubao wa simu ni sawa, kwa jani ni sawa, lakini mabawa magumu ya mbawakawa yana mng'aro wa varnishi na yamebinuka, kwa hiyo kila kitaa kinarudishwa kama nukta nyeupe na nukta hizo hujipanga kuuzunguka mgongo wa mdudu kama shanga kiunoni. Mtu akitazama haraka atadhani ni vishimo. Na vishimo ndivyo hasa tunavyovitafuta: je, vimejipanga kwa mistari au vimetawanyika, ni vya kina au vya juu juu, vimeachana kwa upana wa kishimo kimoja au mitatu, na kati yake ngozi ni laini kabisa au ina mikwaruzo ya wavu mwembamba? Katika jenasi nyingi maswali hayo yanaamua mdudu anaingia mlango upi wa ufunguo, yaani mfululizo wa maswali ya kutambulisha spishi. Chini ya taa ya duara iliyo uchi, mbawakawa yule yule anaweza kuelezwa na watu wawili kwa namna mbili, mmoja akaandika "laini, unaong'aa" na mwingine akaandika "wenye vishimo vidogo vingi", kila mmoja akiwa mwaminifu kwa alichokiona.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Karatasi ya wachora ramani, ile inayopitisha mwanga, nimeikata na kuikunja ikawa mrija wa kimo cha sentimita 4, nikamweka mdudu ndani yake na kuzielekeza taa upande wa nje. Mwanga unapopita kwenye karatasi unatawanyika, nukta zinatoweka, na mgongo unabaki na mng'aro mmoja mpana unaokuachia vishimo vyote pembezoni mwake. Kwa vinyweleo na mikwaruzo myembamba naiondoa karatasi na kutumia taa moja tu yenye shingo ya kupindika, niliyoinunua kando, nikiiinamisha mpaka mwanga upite karibu sambamba na ngozi ya mdudu. Hapo kila kinundu hutupa kivuli chake, na ngao ya kifua iliyoonekana tupu inajaa maumbo. Taa hiyo ya pili imenifaa kuliko nyongeza nyingine yoyote, na ningeihesabu kuwa sehemu ya bei ya hadubini tangu mwanzo.

Rangi nayo inahitaji tahadhari. Mwanga wa taa ya duara una ubuluu, na njano iliyokolea ya mbawakawa huonekana imeingia ukijani. Kwa hiyo rangi naziandika mchana, karibu na dirisha, kisha ndipo nawasha taa. Zaidi ya hayo, kuna rangi ambazo hakuna taa itakayozirudisha. Mbawakawa-kobe aliye hai juu ya jani la kiazi kitamu huwa na mng'aro wa dhahabu, na akikauka kwenye pini dhahabu hiyo hutoweka, abaki hudhurungi. Anayetaka kuieleza rangi hiyo ampige picha akiwa hai na aandike katika maelezo yake kwamba ndivyo alivyofanya. Kwa Monolepta, rangi ni shahidi dhaifu zaidi: ndani ya spishi moja, mabaka meusi yanaweza kupanuka, kusinyaa au kukosekana. Thomas Wagner wa Ujerumani, aliyepitia upya Monolepta wa Afrika na jenasi zilizo karibu nao, ameegemea sana viungo vya uzazi vya madume katika kuzitenganisha spishi, na yeyote anayefanya kazi katika kundi hilo analazimika kupita njia hiyo hiyo.

Njia hiyo ndiyo inayoonyesha mpaka wa hadubini hii. Upasuaji wenyewe unafanyika vizuri sana. Tumbo la dume linaondolewa baada ya kulainishwa, linawekwa katika potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 mpaka nyama ziyeyuke, linasuuzwa, na kiungo cha uzazi, edeagusi, kinavutwa nje na kuwekwa katika tone la glisarini. Kazi hiyo inataka mikono miwili yenye vikoleo vyembamba chini ya lenzi, na nafasi ya milimita 100 inaipa mikono uhuru wote. Picha ya stereo ina kina cha kweli, kiasi kwamba unaiona ncha ya kikoleo ikikaribia kabla haijagusa, na mkono hautetemeki kwa hofu. Umbo la jumla la edeagusi, yaani ncha yake ikiwa butu au iliyochongoka, na mkunjo wake ukitazamwa kwa ubavu, linaonekana wazi kwa 45x na linaweza kuchorwa.

Vimiiba vya kifuko kilicho ndani ya edeagusi havionekani. Wala maungo ya spematheka, kile kifuko kidogo ambamo jike huhifadhi mbegu za dume, ambacho mara nyingi kimepinda na kina mrija uliojisokota. Muuzaji alinishauri lenzi ya nyongeza ya 2x, inayopandisha ukuzaji hadi 90x. Inafanya hivyo kweli, lakini inashusha nafasi ya kazi mpaka kama milimita 30, vikoleo vinagonga kioo, uwanja unapata giza, na picha inakuwa kubwa bila kuwa na habari zaidi. Viungo hivyo vinataka hadubini ya kawaida ya slaidi, ya 100x hadi 400x, na mtu asinunue stereo yoyote ya bei hii akidhani itaiondoa haja hiyo. Katika Nairobi hadubini za slaidi zipo katika maabara nyingi za vyuo na hospitali, na kuomba saa chache za kutumia moja ni rahisi kuliko kuinunua. Iliyo adimu ni stereo yenye taa nzuri ambayo unaweza kukaa nayo siku nzima bila mtu kukusubiri mlangoni.

Mrija wa kamera nao nauthamini kwa sababu ya historia yetu. Holotaipu za spishi nyingi za Afrika Mashariki hazipo hapa. Charles Alluaud na René Jeannel, kwa mfano, walikusanya wadudu katika ukanda huu mwaka 1911 na 1912, na mkusanyo wao ukaelekea Paris. Makumbusho za London, Berlin na Ubelgiji nazo zina sehemu ya holotaipu hizo. Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenda viumbe, yana mkusanyo mkubwa wa wadudu ambao kila anayeanza kazi hii anapaswa kuupitia kwanza, lakini kulinganisha na holotaipu zenyewe kunahitaji picha zisafiri kwenda na kurudi. Tuna vielelezo vya Monolepta kutoka misitu ya milima ya Taita ambavyo tunashuku havijaelezwa, na kabla ya kuandika neno "mpya" ni lazima mtu aliye mbele ya holotaipu huko nje aone edeagusi yetu na atuonyeshe yake.

Kwa mawasiliano kama hayo, picha za kamera hii zinatosha. Kwa kuchapisha, zinahitaji msaada. Kina cha fokasi ni kifupi, hivyo tunapiga picha nyingi kwa hatua ndogo kutoka mgongoni kushuka miguuni na kuziunganisha kwa programu ziwe picha moja kali. Stendi hii haina kifundo cha fokasi ya taratibu, ina kile kikubwa tu, na kuzipata hatua zilizo sawa kwa mkono kunataka subira kubwa. Jambo jingine la kuangaliwa ni mstari wa kipimo unaochorwa na programu ya kamera pembeni mwa picha. Haujui zumu iko wapi. Usipouhakiki upya kila unaposogeza kifundo, utachapisha mbawakawa mwenye urefu usio wake.

Kuhusu mazingira yetu nitasema machache. Taa ya LED inakula umeme kidogo, na kwa kuwa inachukua volti 5 kupitia waya wa USB, pawabenki ya simu inaiendesha umeme ukikatika. Hilo ni la kusifiwa. Lenzi zinapaswa kufunikwa na kuwekewa pakiti za silika wakati wa mvua, kwa maana kuvu hupenda kioo kilichokaa gizani penye unyevu. Kifuniko kilichokuja nayo ni cha plastiki nyembamba, kilichanika ndani ya muda mfupi, na mfuko wa kitambaa ulioshonwa na fundi wa mtaani umechukua nafasi yake.

Huduma ya duka ilikuwa ya kuridhisha kwa upande mmoja. Taa ya duara ilizima upande mmoja mapema, nao wakaibadilisha bila ubishi baada ya kuona risiti. Lakini mikromita ya machoni iliyoandikwa kwenye orodha haikuwemo kwenye boksi, ahadi ya kuileta ikasogezwa wiki hadi wiki, na mwishowe niliagiza mwenyewe kwingine pamoja na kigae cha mezani. Mnunuzi afungue boksi pale pale dukani na kuvitaja vitu hivyo kimoja kimoja kabla hajalipa. Aende pia na mbawakawa wake mwenyewe ndani ya kichupa, mweusi na wa kung'aa ikiwezekana, na aombe kumtazama kwa taa ya duka hilo. Wauzaji wengi humwonyesha mteja sarafu au noti, na hizo huonekana vizuri chini ya hadubini yoyote ile.